Mtihani Niliounywa Basotu

Niliondoka nyumbani Tumati kwa sababu ya ujumbe wa simu. Ulisema nifike Mbulu mjini Jumatano saa tatu asubuhi, kwenye usaili wa kazi ya kupokea maziwa katika kituo kipya. Niliusoma mpaka chaji ikaisha. Kaka yangu Petro alikuwa ameshanitafutia kazi ya zege Arusha, na mama alikuwa amekubali kwamba nikikosa hii ya maziwa, Jumatatu napanda basi nimfuate. Mimi sikutaka kwenda. Nimesoma hadi kidato cha nne na matokeo yangu hayana la kusimulia, ila ng'ombe nawajua, na nilikuwa nimeshajiona nimevaa koti jeupe, akina mama wamenipangia foleni, nami namuuliza kila mmoja hali ya ndama wake.

Saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa ameshaninyooshea shati kwa pasi ya mkaa. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Jirani yetu wa bodaboda alinipeleka Mbulu, na njia nzima alinifundisha namna ya kujibu, kwa kuwa yeye ameshasailiwa mara mbili. Sikumuuliza kwa nini bado anaendesha bodaboda.

Mbulu mjini, saa mbili na nusu. Ofisi ilikuwa na kufuli. Tulikuwa vijana wanane tumejipanga ukutani kama mashati kwenye kamba, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Saa tatu ikapita, ikaja saa nne. Saa tano akatokea dada mmoja na ufunguo, akatutazama kwa huruma kweli.

"Nyie mmeitwa na nani?"

Tukamwonyesha simu. Akapiga huku, akapiga kule, kisha akatuambia usaili umehamia Basotu, kesho asubuhi, maana kituo chenyewe kiko huko. Akauliza kama hatukupata ujumbe wa pili. Hakuna aliyekuwa ameupata. Akatoa orodha, na jina langu halikuwamo. Tulilitafuta wote wawili kwa kidole, tukalikuta ukurasa wa pili, kati ya walioomba kazi ya ulinzi. Aliniambia nisijali, watarekebisha huko huko. Watano kati yetu wakarudi makwao. Mimi nikaenda stendi.

Saa saba mchana, basi la Haydom. Kwa wasioijua njia hii, unapita Dongobesh, na kabla ya hapo unapita karibu kabisa na kwetu. Niliona ile njia niliyotokea asubuhi, vumbi letu jekundu, mikaratusi, mtoto wa mtu anaswaga mbuzi wawili. Nilitamani kushuka nikamwambie mama kwamba bado nasafiri. Nilikuwa bado sijafika mbali, na tayari nimeshapakumbuka kwetu. Haydom nikachukua pikipiki kushuka Basotu. Huko nchi inafunguka. Kwetu ukitazama unaona kilima cha jirani, lakini kule unaona ngano mpaka macho yachoke, na mlima Hanang mbele yako umejifunika wingu, na ziwa limetulia chini kama sahani ya bati.

Basotu, jua likikaribia kuzama. Mgeni mwenyeji wake, nami wangu alikuwa mama wa Gidamis, rafiki niliyelala naye bweni moja sekondari. Gidamis mwenyewe alikuwa mbali, akiwatafutia ng'ombe majani, lakini alikuwa ameniambia kwa simu niende tu kwa mama. Nakiri niliogopa kidogo. Sisi watoto wa Mbulu tulikuzwa kwa hadithi za kuwaogopa hawa wafugaji wa tambarare. Tulipokataa kulala tuliambiwa wanapita.

Alitoka nyumbani ameinama, mama mrefu, bangili za shaba zimejaa mkononi. Nikampa shikamoo. Akaitika, akaniuliza kama Gidamis alikuwa akila vizuri shuleni, kana kwamba tumemaliza jana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu kikawa kidogo pia kwa aibu, tukaelewana.

Alipofungua kibuyu cha maziwa, nikapigwa na harufu. Wanaojua wanajua. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, moshi unaingia, na maziwa yanatoka na ladha ile. Marehemu bibi yangu alifanya hivyo hivyo, na tangu afariki kwetu tunatumia dumu la plastiki. Miaka sita sikuwa nimeinusa. Nilikaa pale kwenye kigoda na shati langu la usaili, macho yananiuma, nikasingizia moshi wa jikoni. Mama Gidamis akanijaza kikombe cha pili bila kuuliza.

Akaniambia kituo hicho ninachokifuata wamemkatalia maziwa yake mara tatu, wakisema yananuka moshi. Alicheka akisema hivyo. "Sasa maziwa yanuke nini?"

Alhamisi asubuhi tuliongozana, yeye na keni lake la bati kichwani, maana kituo kinataka keni, ila maziwa yalikuwa yamelala kibuyuni. Wasaili walifika saa sita. Walikuwa watatu na kiti kimoja. Karatasi za maswali zilisahaulika Mbulu, ikabidi mmoja asome kwenye simu, na mtandao ukikatika tunasubiri wote. Zamu yangu ilipofika, kwa kuwa orodha haijarekebishwa, nikaulizwa nitafanya nini nikiona mwizi ameruka ukuta. Nikasema mimi ni wa maziwa. Yule bwana akatazama orodha, akasema jibu hata hivyo. Nikajibu nitapiga kelele. Akaandika.

Kisha likaja la vitendo. Mkubwa wao, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akatuonyesha: unachota kikombe, unanusa, unaonja kidogo, unatema kwenye ndoo, yanayobaki unayatia kwenye kipimo, halafu unasema yapokelewe au yakataliwe. Dada aliyenitangulia alifanya yote safi kabisa, akatema kwa adabu, akasema yapokelewe. Nikajiambia hii naiweza. Sikuwa nimewahi kuiona ile Jumatatu ya basi la Arusha ikiwa mbali kiasi kile.

Akaitwa mleta maziwa wangu. Alikuwa Mama Gidamis.

Hakuonyesha kama ananijua. Alichota kikombe mwenyewe, akanipa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Nikapokea kwa mikono miwili. Sasa nisikilizeni. Kwetu, maziwa anayokupa mtu mzima hayarudi. Huyaachi nusu, humwagi, na kutema ndiyo kabisa. Ni kumwambia mwenye ng'ombe kwamba humtakii mema yeye na zizi lake. Nao wafugaji hawa wa Hanang ni vivyo hivyo. Hilo sikulifikiria pale. Nilinusa kama tulivyofundishwa, nikaonja kama tulivyofundishwa, na hapo mafundisho yakaisha. Kikombe kilipotoka mdomoni kilikuwa kitupu, na mimi nimeshasema asante mama.

 Foleni nzima ya akina mama ikaangua kicheko. Yule mkubwa akatazama kipimo mkononi mwake, hakuna cha kupima.

"Kijana," akasema, "umekunywa mtihani."

Nikamwomba nirudie. Akasema muda umekwenda, wana safari ya Katesh, na kweli dereva alikuwa ameshawasha gari. Akauliza basi nasemaje, yapokelewe au yakataliwe? Nikajua jibu analolitaka, maana moshi ule hata yeye aliusikia alipokuwa amesimama. Nikasema yapokelewe. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akamwambia msaidizi wake amimine tu tenkini, kwani aliyeyanywa bado amesimama. Kwenye karatasi yangu akaandika neno moja na kupiga mstari chini yake. Sikulisoma, wala sikuhitaji.

Mama Gidamis alinisindikiza hadi zinaposimama pikipiki, keni tupu likigonga goti lake.

"Wamekukataa?"

"Hawajasema, mama."

"Wamekukataa," akasema, kama mtu anayekusaidia kubeba mzigo. Tukatembea. Baadaye akaongeza kwamba hata Gidamis hajui kutema, na wala hajawahi kumfundisha.

Haydom nilikosa basi, Ijumaa mchana ndipo nikafika Tumati. Mama hakuuliza nimeulizwa nini. Aliuliza nililala kwa nani, nilipokewaje, nikamsimulia mpaka kicheko kikamtoa machozi. Kisha akaenda kuchukua begi langu juu ya dari.

Naandika haya Arusha, mwaka wa pili huu, mikono imeshazoea zege. Sitawadanganya, ile kazi niliitaka, na siku za baridi bado naitaka. Ningeweza kutema, ni tone tu. Nilichojifunza ni kwamba kuna mambo mwili wangu umeyashika kuliko mimi mwenyewe, na nisingesafiri nisingeyajua. Na nilijifunza kwamba wale niliotishwa nao utotoni wanafukiza vibuyu kama bibi. Mafundi wenzangu wakiniuliza kwetu ni wapi, zamani nilitaja kijiji tu. Siku hizi naanzia Tumati, napita Dongobesh, nashuka Haydom, na sinyamazi mpaka nifike Basotu.