Siku Nilipomulika Kinywa cha Minza

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ni ile niliyorudi nyumbani kutoka machimboni nikiwa na hasira nyingi na akili kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wiki mbili nzima nilikuwa kwenye duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu huku kwetu Bugarama, na nyumbani nilimwacha mke wangu Kabula na binti yetu wa kwanza, Minza, mwenye siku nne tu. Nilimwacha mtoto mzuri, mdomo mzima usio na kasoro. Nilimkuta amekonda, analia kwa sauti ya kukwaruza, na akinyonya maziwa yanamtokea puani.

Kabula alikuwa nje na majirani watatu, wanapukuchua mahindi. Sikumsalimu mtu. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Umembemenda mtoto wangu!" Unajua maana yake. Mzazi akitoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya, watu husema amembemenda, na kila mtoto anayekonda hutafutiwa mwenye dhambi. Mimi nilimtafuta wa karibu. Ajabu ni kwamba niliona nimesema kiume.

Kabula hakujibu. Aliweka gunzi chini, akambeba mtoto, akashika njia ya zahanati. Nilimfuata nyuma ili nikashuhudie akiumbuliwa. Sijisifu, ndivyo nilivyokuwa.

Nesi wa pale alikuwa mama mtu mzima tuliyemwita Mama Devota, mzaliwa wa Ushirombo, asiyejua kubembeleza. Nilipoingia, Kabula alikwisha kumweleza yote.

"Shikamoo, mayo," nikamwamkia, yaani mama kwa lugha yetu.

"Marahaba. Hiyo tochi kichwani ni ya kazi gani?"

Sikuwa nimeivua. Nikamwambia ni ya kumulikia mwamba.

"Na kinywa cha mwanao umeshakimulika?"

Alimfungua mtoto kinywa, nami nikainama na tochi yangu. Juu ya ulimi, pale ambapo mimi na wewe tuna kaakaa, palikuwa na ufa uliopanda mpaka puani, na kidakatonge kimegawanyika mara mbili. Nje hakukuwa na alama yoyote, ndiyo maana hakuna aliyejua. Mtoto alikuwa hawezi kuvuta ziwa, na kidogo alichopata kilimpanda puani. Alikuwa anakufa njaa kifuani pa mama mwenye maziwa tele.

Mama Devota akaninyooshea viganja viwili, vidole vikitazama chini. "Kule tumboni kaakaa huanza hivi, vipande viwili, kimoja kila upande, vinaning'inia kando ya ulimi. Hapo mimba ina wiki kama sita, saba. Halafu ulimi unashuka, vipande vinapata nafasi, vinainuka." Akavilaza viganja, ncha za vidole zikagusana. "Vinakutana katikati na kushikana, kuanzia mbele kwenda nyuma mpaka kwenye kidakatonge. Ikifika wiki ya kumi na mbili kazi imekwisha. Kwa huyu wako havikushikana."

"Kwa nini, mayo?"

"Mara nyingine ni ya ukoo, mara nyingine hata madaktari hawajui. Lakini wakati huo mkeo alikuwa anatapika tu, tumbo lenyewe halijaonekana. Sasa niambie, Baba Minza, alimbemenda vipi mtoto ambaye hata ziwa alikuwa hajalijua?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Ulimtukania wapi?" akauliza.

"Nje, mbele ya majirani."

"Basi radhi ukaiombe hapo hapo, mbele ya hao hao. Hapa kwangu usinililie."

Akatupatia kikombe na kijiko, akamfundisha Kabula kukamua maziwa, akatuandikia barua ya kwenda hospitali Mwanza, ili mtoto akishapata uzito ashonwe.

Majirani tuliwakuta palepale. Nikasimama, nikasema: "Nilisema uongo. Kabula hana kosa. Mtoto ana ufa kaakaani, aliumbika hivyo kabla hatujajua vizuri kama yupo." Kabula hakusema amenisamehe. Alinipa mtoto na kijiko.

"Mkalishe wima," akasema. "Polepole. Ameze kwanza ndipo umpe kingine."

Nilimlisha karibu saa nzima. Matone machache tu yalitoka puani. Nililia mbele ya watu wote, na sikujali.

Minza alishonwa, akakua. Leo ana watoto wake, na anaongea kutushinda sote. Siku nyingine natamani apumzike kidogo.

Basi shika haya. Mtoto wako akizaliwa, mwombe mkunga amwangalie kaakaa, hata kama mdomo ni mzima. Maziwa yakimtoka puani, au akishindwa kushika ziwa, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje ushauri wa kijiweni. Usitafute mkosaji wakati mtoto ana njaa. Na ukimvunjia mkeo heshima mbele ya watu, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watoto walioshiba, na mke asiyekuwa na sababu ya kukunyamazia.