Leseni Zilizorudi Zenyewe Kutoka Kismayu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ofisi ya Kismayu alinipokea kwa swali.

"Bi Esha, nyumba ya kupanga unaijua?"

Nikamjibu naijua sana. Tangu tulipokimbia kisiwa chetu cha Chovai mwaka wa tisini na moja, sikuwahi kulala katika nyumba isiyo ya kupanga. Mombasa ndiyo iliyonilea, ikanisomesha kompyuta, na sasa shirika la misaada lilikuwa limenirudisha pwani ya kwetu.

"Basi nusu ya kazi umeshaielewa," akasema. "Programu zilizomo ndani ya kompyuta hizi si zetu, tumepanga. Kodi ikiisha, au tukiingiza watu zaidi ya tuliokubaliana, mwenye nyumba hufunga mlango na vitu vyetu vikiwa ndani."

Alikuwa Msomali wa mjini, mrefu, mkali wa saa, na Kiswahili chake alikiokota Mombasa katika miaka ya ukimbizi. Cheo alichonipa kiliitwa Msimamizi wa Leseni. Nyumbani hakuna aliyekielewa. Mamangu aliwaambia majirani kwamba mimi ndiye ninayewaruhusu wavuvi kuvua, na wengine walianza kuniletea samaki. Sikuwarudisha.

Nyinyi vijana mmezikuta kazi hizi zimelainika, kwa hiyo nieleze kidogo. Leseni ni ruhusa ya mtu mmoja kutumia programu. Wakati wetu zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilinunuliwa mara moja, ikafungwa kwenye mashine mpaka mashine ife. Ya pili ilikuwa ya kujiunga: unalipia mwaka, mwaka ukiisha unahuisha, usipohuisha unaachwa nje. Mimi nilitakiwa kujua nani apewe, nani hatumii tena, nani amehama. Leseni iliyokaa kwa mtu asiyeitumia ni kama sahani iliyowekwa mbele ya aliyeshiba huku mwenye njaa anatazama. Mwenyewe sikujipa leseni ya programu yoyote kubwa. Mpakuaji akijipakulia kwanza, watu husema.

Programu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kutafuta jamaa waliopotezana vitani. Karani aliandika habari za anayetafutwa, na mashine ikazilinganisha na habari za watu walioandikishwa kambini na miji mingine. Na kwa kuwa katika vita jina la mtu likimfikia mbaya wake linaweza kumuua, mafaili ya Kismayu yalifunguliwa na makarani wa Kismayu tu, kila mmoja kwa leseni yake.

Hapo ndipo vichwa vilipoanza kutuuma. Asubuhi moja niligundua kwamba karani wetu Shee, kijana wa Kibajuni mwenye maneno mengi, ambaye 'mtu' kwake ni 'mchu', alikuwa amefungua programu Kismayu na wakati huo huo amefungua Mombasa.

"Shee, paswadi yako inafanya nini Mombasa?"

"Nimemuazima binamu yangu wa ofisi ya Mombasa, Dada Esha. Yake imegoma."

"Nani alikuruhusu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mchu akikuya mlangoni kukuazima chungu, wewe humwambia ngoja kwanza niulize Nairobi?"

Mamangu naye angejibu hivyo hivyo. Kwetu kumnyima jirani chombo ni aibu inayokufuata mpaka kwa wajukuu. Lakini kompyuta za kampuni iliyotupangisha hazikulelewa visiwani. Zilimwona karani mmoja katika miji miwili, zikatuhesabu wezi, zikafunga ofisi zote. Mkurugenzi wa Teknolojia akapiga simu kutoka Nairobi akiuliza hili ni shirika au ni soko. Akaomba tufunguliwe, kisha akatuletea kanuni, kurasa kwa kurasa. Kila mtu alitia saini, na kila mtu akaendelea kuazima.

Baada ya sala ya adhuhuri niliwaita wote ukumbini.

"Chungu chako ukitaka kiazime, ukitaka kigawe bure," nikawaambia. "Lakini mtu akisafiri akakuwekea chungu chake kwa amana, utamwazima jirani?"

Shee ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ndogo: "La. Hiyo ni hiyana."

"Leseni si chungu chako. Umewekewa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeazima. Nikaongeza na la pili. Mtu wa pwani hasafiri bila kuzunguka akiomba radhi na kurudisha vya watu alivyo navyo. Basi kila aliyekwenda likizo au kuhamishwa alipitia mezani kwangu, tukaombana radhi, akaiachilia leseni yake mbele ya macho yangu, nami nikampa anayefuata. Mkurugenzi aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Alisema hajapata kuona watu wakiombana radhi kwa sababu ya kompyuta.

Kisha vita vikarudi mjini.

Asubuhi ile mizinga ilipoanza kusikika, Shee alikuwa kwenye mashine yake na mbele yake amekaa Bi Mwanahalima, mama aliyetoka kisiwa cha Fuma. Katika vita vya nyuma walikimbia kwa mashua mbili, yeye katika moja, mwanawe Bakari katika nyingine, na hawakuonana tena. Mashine ikalia. Imepata kijana anayelingana na Bakari, yu hai, ameandikishwa kambini. Kambi ipi? Shee alikuwa anafungua ukurasa wa kujibu hilo umeme ulipokatika. Amri ya kuondoka ikaja, tukatawanyika kila mtu na njia yake. Baadaye tulisikia kompyuta zote zimechukuliwa.

Mimi, Mkuu wa Ofisi na Bi Mwanahalima tulifika Kiunga, upande wa Kenya. Shirika likatupa chumba, kompyuta moja na dishi la setilaiti. Programu haikufunguka. Leseni za makarani wetu bado zilihesabiwa zinatumika kwenye mashine zilizoibwa, na kampuni ilishikilia sheria yake: leseni inayotumika huachiliwa na mwenyewe tu, apige simu ataje namba yake ya siri. Mkurugenzi akasema tusubiri mkataba mpya. Makarani walikuwa wapi? Hakuna aliyejua kama wazima.

Kila asubuhi Bi Mwanahalima alikuja kukaa mlangoni.

"Mwanangu umo ndani ya kichu hicho?" aliniuliza siku moja, akiielekezea kidole kompyuta.

"Habari yake imo, mama."

"Basi nami tanikaa hapa."

Nilikwenda uani nikalia. Kumjua mtu yu hai na kushindwa kusema yuko wapi, sijapata kuona adhabu kama hiyo.

Siku chache baadaye simu ya Mkuu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi. Mkuu alisikiliza, akaniwekea simu sikioni.

"Bi Esha, umewaambia nini watu wako?" Mkurugenzi aliuliza. "Leseni zenu zinarudi. Kampuni inasema makarani wanapiga wenyewe. Mmoja kapiga kutoka kambini, mwingine sijui wapi."

Sikuwa nimewaambia kitu. Sikuwa hata na namba zao.

Jioni Shee akapiga. Alikuwa amefika Ras Kamboni, karibu na mpaka, kwa miguu, na mfanyabiashara wa samaki alimpa simu yake ya setilaiti.

"Dada Esha, nisamehe. Nimesafiri sikukuaga," akasema. "Nimeogopa kufa na amana ya wachu shingoni. Nimeirudisha. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Shee, dunia na akhera."

Mkewe mpaka leo anamsimanga kwamba mumewe alipigia kampuni kabla ya kumpigia yeye. Nami humtetea kila mara.

Mkuu wa Ofisi alisogeza kiti mbele ya kompyuta. "Walaal, ndugu yangu, leo jipakulie," akaniambia. Nikajipa leseni ya Shee, nikafungua ukurasa. Kambi ikaonekana, na mtaa, na namba ya simu ya ofisi yao. Tulipiga. Walipomleta kijana kwenye simu nilimkabidhi Bi Mwanahalima, na yeye badala ya kumuuliza kama mzima alimuuliza amekula nini. Kisha akakaa chini mchangani na simu sikioni, akicheka na kulia, na Mkuu wetu mkali akageukia ukuta.

Leseni zote za Kismayu zilirudi. Tulifungua ofisi Kiunga, na jamaa wengi wakapatana kupitia chumba kile. Nilihamishiwa Mombasa, kisha Nairobi, nikafundisha ofisi nyingine namna yetu ya kuagana, mpaka nikastaafu. Siku hizi mitambo humwondoa mtu yenyewe anapoacha kazi, na hilo ni jambo zuri, mshukuruni Mungu.

Bakari ameoa, anakaa na mamake hapa Mombasa, mitaa miwili kutoka kwangu. Bi Mwanahalima hadi leo hajui leseni ni nini, wala sijajisumbua kumweleza. Watu husema mtu mzima asijisifu. Mimi najisifu. Kila ninapopita mlangoni kwao nikamsikia anamgombeza kijana kwa kuchelewa chakula, najua ile ni kazi yangu.