Chai ya Chumvi ya Mama Atupele

Hapa Bulyaga, kwa kufuma masweta, simjui anayemfikia jirani yangu Mama Atupele. Rangi ya kahawia ya nyuzi zake ilinitesa. Imekolea, haichuji, na hata madukani, jinsi yalivyojaa tangu biashara iachiwe huru, sijaiona.

Jumanne nilikwenda kwake kuazima ungo. Hayupo. Mvua ilikuwa imenilowesha, jikoni kisufuria cha chai kinafuka, nami pale ni kama kwangu. Nikajimiminia kikombe, kisha cha pili. Chungu, tena ina chumvi! Roho iliniuma. Chai ya chumvi tuliinywa wote miaka ile sukari ilipoadimika. Leo sukari tele, kumbe mwenzangu bado?

Yeye sikumwambia. Niliwaambia kina mama wa kwaya. Jumapili tukaingia kwake na mfuko wa sukari, na mimi na mdomo wangu nikatoa hotuba: asione aibu, sisi ni ndugu.

Alinitazama weee.

"Ndaga, asanteni sana. Lakini chai yangu huwa na sukari."

"Na ile ya Jumanne, mama?"

Akaingia ndani, akatoka na sweta la kahawia, zuri kuliko yote aliyowahi kufuma. Ila mkono mmoja umepauka.

"Majani ya chai na chumvi ndiyo rangi yangu," alisema. "Hili nilikufumia wewe. Ulibaki uzi wa mkono wa kushoto kutiwa rangi, nikakuta kisufuria nusu. Kumbe rangi yake umeinywa."