Nilimwambia Mama Mkwe Mizani Imemkataa

Nawatangazia wakaaji wote wa Baraka, wa Fizi na wa kandokando ya ziwa, kwa heshima kubwa: mizani mpya imefika kwenye kiwanja chetu cha ndege. Ile ya zamani imestaafu. Hotuba haikutolewa, ila mbuzi wawili walihudhuria.

Hiyo ndiyo habari nzuri pekee niliyo nayo. Admin, unifiche jina. Nina miaka hamsini na kitu, baba wa watoto watano, nimechoka, na mojawapo ya zile ndege ndogo munazoziona ni yangu. Musinipigie magoti. Patron, huyu mwenye ndege, anaenda kazini kwa baiskeli.

Niliinunua kuukuu baada ya miaka mingi ya kuuza mawese. Mwanzoni kibali changu kilikuwa cha ndege ya mtu binafsi: unabeba ndugu zako tu, tena bure. Mara nikagundua kwamba nina ndugu toka Nundu mpaka Lusenda. Kila abiria alikuwa mjomba wangu, na kila mjomba aliniachia kuku wa asante. Bwana mmoja wa mambo ya anga akaniita pembeni: "Papa, kuku ni malipo. Hii ni biashara, na kibali hauna."

Basi nikafuata sheria. Nikaikodisha ndege kwa kampuni yenye kibali cha kubeba abiria. Wananilipa kwa saa ambazo iko hewani, na wakanipa kazi ya kusimama kwenye mizani, maana kila abiria anapimwa pamoja na mzigo wake. Ndiyo inayosomesha watoto.

Sasa, kwetu mtu hapimi mama mkwe wake. Hata kumtazama ni taabu. Tangu nioe, mama ananisalimia akiangalia ukuta, nami namjibu nikiangalia viatu vyangu. Maneno mengine yote yanapitia kwa mke wangu.

Kitinda mimba wake alikuwa anaoa Kalemie. Ziwa lilichafuka, boti hazikutoka. Nikanunua tiketi mbili kama mtu mwingine yeyote, yake na ya mke wangu. Asubuhi ile mama alikuja na kitenge kipya, kiwanja kizima kikageuka kumwona akipanda mizani. Niliinama, nikasoma, nikasimama.

"Mama, mizani imekataa. Ndege haitaweza."

Mke wangu akasema, "Basi nibaki mimi, yeye aende."

"Hata ukibaki, uzito bado utazidi."

Watu wakacheka. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Ee, huyu banamulisha muzuri."

Mke wangu akaenda peke yake, kwa sababu lazima mtu wa nyumbani aonekane harusini. Safari nzima kando yake kulikuwa na kiti kitupu, na nyuma makatoni ya samaki ya wafanyabiashara. Aliporudi hakufungua hata begi.

"Mama yangu ulimupima sawa gunia ya muhogo, mbele ya batu," akaniambia. "Alafu ukapakia samaki ya benyewe. Niambie, samaki inalipa kupita mama yangu?"

Nikalichukua begi nilipeleke ndani.

"Utoshe ile ndege mu kampuni, irudi kwako. Kama hapana, mi sirudi."

Yuko kwa mama yake, Mboko, mwezi wa tatu huu. Watoto wanakula ugali ninaoupika mimi, kwa ujasiri. Nikiitoa ndege kwenye kampuni, tunarudi kwa kuku, na shule hazipokei kuku.

Sasa niwaambie ilivyokuwa kweli. Mizani haikukataa kitu. Ndege ingembeba mama, na begi lake, na mimi juu. Nilipoinama kusoma, naye aliinama kama anatengeneza kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu nioe, ukiacha salamu, akanisemesha mimi mwenyewe.

"Mukwe, naogopa hii kitu. Magulu inakatala kupanda. Sema mizani imenikatala. Mutoto yangu ule anaoa akijua ni woga, atasema sikumupenda."

Na mimi, mwenye ndege, nimeipanda mara moja tu, macho nimefunga, nikiimba nyimbo za kanisa. Ningemjibu nini?

Tangu hapo kila Jumamosi kapu la ndakala kavu, dagaa wetu wa ziwani, linafika kwangu kwa pikipiki toka Mboko, bila neno. Mke wangu anadhani zinaenda sokoni. Anakaa jikoni kwa mama yake, ananitukana, na mama anachochea moto.

Hii naandika kwa simu ya mke wangu, aliiacha siku ile ya hasira, kwa hiyo hataisoma. Mukinitambua, munyamaze. Mimi nimenyamaza na haijaniua bado. Munishauri, ndugu zangu: nimwambie mke wangu ukweli, nimvunje mama aliyenisemesha mara moja tu maishani? Au niendelee kula hizi ndakala peke yangu?