Njia ya Kwenda kwa Mungu wa Ukoo

Mama alitandaza ramani ya jimbo la Gujarati, India, juu ya meza ya jikoni kwangu Walthamstow, London, akapanga punje za choroko kila mahali tutakapolala. Penye hekalu aliweka dengu. Wiki nzima nilikula nimesimama kwenye sinki kwa sababu meza haikuguswa, na mtu akifungua mlango kwa nguvu nusu ya safari ilimwagika sakafuni. Niligombezwa mimi.

Alikuwa mgonjwa. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari alimpumzisha dawa kwa muda mfupi ili apate nguvu, akasema kama kuna pahala anataka kwenda, basi aende sasa.

Pahala penyewe hapakuwa na treni wala uwanja wa ndege. Ni kwa gari tu. Kwetu Wahindu wa kule, kila ukoo una mungu wake wa kike, na bibi harusi hupelekwa kwake baada ya ndoa akajulishwe kuwa sasa ni mtu wa ukoo huo. Mama aliolewa Unguja, na hekalu la mungu wa ukoo wa baba liko kijijini Gujarati. Wakasema watakwenda mwakani. Yakaja Mapinduzi, duka likapotea, wakaishia London, na mwakani hiyo haikufika. Kisha baba akafa. Mjane hapelekwi tena kama bibi harusi, na mama alilijua hilo. Alitaka tu kuinama mlangoni na kusema, nimekuja. Aliogopa kufa akiwa mke wa watu ambao mungu wao hamjui. Mimi niliona ni upuuzi, lakini nilishamwona akilia kwa jambo hilo, nikakata tiketi.

Aliyeijua njia alikuwa ami yangu wa Leicester, mdogo wake baba. Mama alipoingia nyumba ile ya Unguja, ami alikuwa mtoto mdogo asiye na mama, na yeye ndiye aliyemlea. Alimwita bhabhi, mke wa kaka, mpaka mvi zikamtoka, na alimwogopa vile vile. Kila jioni alipiga simu, na mama alisogeza choroko zake.

"Bhabhi, Rajkot mtoke mapema. Mchana miungu wanalala, milango inafungwa. Mtakaa garini mnaokwa."

"Na choo?"

"Kituo cha petroli, kabla hamjaacha barabara kubwa. Baada ya hapo vichaka tu."

"Vichaka navijua. Sikuzaliwa London mie."

Tulipanga mto wa kuegemea, kisanduku cha barafu cha dawa, dereva asiyevuta sigara. Nilitaka twende kijijini moja kwa moja. Alikataa. Lazima tupitie mahekalu makubwa ya Dwarka na Somnath kwanza, tulale njiani, tusimfikie mungu wa ukoo mbio mbio kama watu wanaokwenda kudai. Tuligombana kwa hilo mpaka mume wangu akatoka kwenda kutembea sokoni.

Kisha moyo wa ami ukamsumbua, akalazwa. Simu za jioni zikakatika. Mama akanisimamisha ukumbini.

"Simu ikilia, pokea wewe. Na likiwa jambo, usinambie."

Nilimwelewa. Kwetu akifa mtu, ukoo wote unashikwa na sutak, uchafu wa msiba: hawaingii hekaluni wala hawagusi miungu mpaka siku za msiba zitimie. Lakini sutak huanza pale unapopata habari. Ambaye hajasikia haijamshika. Mimi nilishaolewa na kutoka ukoo ule, kwa hiyo ningeweza kusikia na bado nikamshika mkono hadi ndani.

Simu ililia asubuhi, safari ikiwa karibu. Alikuwa mtoto wa ami, analia. Nilimjibu kwa Kiingereza kifupi kifupi, yes, okay, nikamwambia mama haji msibani, asipige tena. Akasema, "Lakini yeye ndiye mkubwa wetu." Nikaweka simu.

Jikoni mama alikuwa akimenya viazi.

"Nani?"

"Watu wa umeme."

"Wanataka nini?"

"Kusoma mita."

"Haya," akasema, akaendelea kumenya. Viazi vilikuwa vingi kuliko tunavyokula.

Kesho yake sikusikia kengele ya sala. Katika kabati dogo la miungu, ukumbini, taa haikuwashwa. Mama hakuwahi kuiacha taa ile, hata siku za kutapika. Nilimkuta amekaa kitandani, sanduku wazi miguuni pake.

"Mama, taa?"

"Nimenyoosha mkono, haukwenda." Alikuwa haniangalii. "Yule nilimwogesha mie. Nilimfundisha kula. Leo wanamlilia watu wa mbali, na mie nafunga masanduku nikamwambie mungu mie ni mtu wa ukoo. Mtu wa ukoo gani huyo?"

"Ukisikia hatuendi tena. Daktari alisema…"

"Namjua daktari. Nambie."

Nilimchukia kwa kunilazimisha. "Ami amefariki, mama."

Alipiga ukelele, majirani wakagonga ukuta. Kisha akaenda bafuni akishika ukuta, akaoga kama desturi inavyotaka mtu akisikia msiba, na mlango hakunifungulia. Nilikaa chini nje ya mlango nikisikiliza maji.

Barabara tuliyoifuata ilikuwa ya Leicester, mvua njia nzima. Nyumbani kwa ami wanawake walimpisha akae mbele, karibu na maiti, na hakuna aliyetoa sauti mpaka alipoanza yeye. Siku za msiba zilipotimia hospitali ikamrudisha kwenye dawa, na nguvu za kusafiri hakuzipata tena. Alikufa kabla baridi haijaisha.

Jamaa huniambia niende mimi kule kijijini, nikamwombee. Siendi. Kama mungu yule hakumjua mama yangu siku ile ya Leicester, mimi sina la kumweleza.