Jibril na Kufungua Kinywa

Naweka dau jogoo wangu, yule mwekundu, hamtaamini: Jibril, Muorma wa kubeba ndama mabegani, alivunjika paja kwa kushuka kibarazani kwangu. Kibaraza chenyewe hakifiki goti! Nilikijenga mimi, na Garsen nzima hakuna fundi wa kunishinda.

Alikuwa ameleta maziwa. Tangu mafuriko ya El Niño yabebe shamba langu, huyu mtu hajaacha watoto wangu walale njaa, na ukimshukuru anakasirika. Siku hiyo tukataniana, akacheka, akashuka, akaanguka.

"Inuka mzee, wacha madeko!"

"Komora, mguu hauniitikii."

"Mwanamume havunjiki hivyo. Hayo ni mambo ya nyanya zetu."

Nikaangalia mguu umepinda. Muorma asiyetembea hana ng'ombe, atawafuata na nini?

Tuling'oa mlango wa jikoni, tukamlaza juu yake, tukambeba na majirani mpaka hospitali. Uzito wote ulikuwa upande wangu.

Daktari akaona kovu shingoni. Mwaka uliopita Jibril alitolewa tezi kule Mombasa, ilikuwa imemkimbiza moyo miaka mingi. Akapewa vidonge vya kushika kazi ya tezi, avimeze maisha yake yote.

"Mzee, unameza vingapi kwa siku?"

"Viwili."

"Nani alisema viwili?"

"Niliambiwa nimeze kabla ya kufungua kinywa. Ramadhani ikaingia. Nikameza kabla ya daku, maana ndiyo asubuhi. Magharibi nikifungua, nikameza tena, si ndiyo kufungua? Nikasikia mwili mwepesi, hata Idi ilipopita nikaendelea."

Mimi nilicheka mpaka muuguzi akanifukuza. Daktari hakucheka. Alisema ule ugonjwa wa tezi ulishaanza kula mifupa, na dawa ikizidi inakula vilevile, hata ya wanaume.

Akapelekwa Mombasa, akawekwa chuma pajani, vidonge vikarudi kimoja kwa siku. Miezi hiyo yote mimi, Mpokomo wa ndizi, nilichunga ng'ombe wa Muorma. Walinona! Yeye anasema walikonda, lakini macho yake hayaoni vizuri.

Leo anatembea na fimbo nyuma ya ng'ombe wake. Yeye anasema alhamdulillahi, mimi nasema Mungu asifiwe, halafu tunakunywa maziwa. Kibaraza nimekiongezea ngazi.

Nilisema mwanamume havunjiki hivyo. Nilikosea.