Malenge Yasiyonyooshewa Kidole

Kitoto cha malenge kilikuwa kimeanguka tena. Rispa alikiokota chini ya jani, kidogo kama ndimu, kimegeuka manjano na kulainika upande mmoja, akakibinya mpaka maji yakamchuruzika vidoleni. Kisha akaangaza macho bomani kama mtu anayetafuta mwizi, maana kwake hakukuwa na la kuuliza zaidi ya nani. Kuna mtu alikuwa amekinyooshea kidole.

"Lynnet," aliita.

Mkaza mwanawe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama."

"Ni wewe ama ni wageni wako?"

"Wageni gani, Mama? Wewe mwenyewe umekaa hapo langoni kama askari."

"Nimeuliza kidole. Sijauliza lango."

"Mimi nikipita hapo naangalia mbinguni. Juzi nimejikwaa kwa jembe."

"Na ulipojikwaa, mkono ulienda wapi?"

Lynnet akarudi kwa ugali wake. Msimu huo Rispa alikuwa na maswali ya namna hiyo tele.

Hapa Karungu, kando ya ziwa, hata mtoto wa kubebwa mgongoni anajua kwamba malenge changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzako unakunja ngumi. Likinyooshewa kidole, malenge huona haya, likaoza, likadondoka. Rispa hakuwahi kuona haja ya kulithibitisha jambo hilo, kama vile hakuna mtu anayethibitisha kwamba mvua inalowesha.

Na huu haukuwa mmea wa kuchezea. Siku anaolewa, mama yake alimfungia mbegu kwenye ncha ya leso, naye Rispa akavuka nazo ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano: malenge ya ganda la kijivu, gumu la kupasuliwa kwa shoka, ndani nyama kama kiini cha yai. Kila mwaka alipanda, kila mwaka alirudisha mbegu kwenye kibuyu juu ya meko. Mwaka huu panya waliingia kibuyuni kabla yake. Zile chache walizoacha zilipandwa, ukaota mmea mmoja. Huo usipozaa, malenge ya mama yake yamekwisha duniani. Mwanawe Austine alimwambia mbegu zimejaa madukani Migori, za kila aina. Rispa alimpa kisogo mpaka likizo yake ikaisha akaondoka.

Basi akalinda. Alikata vitambaa vyake vya kichwa vya zamani, vile vya akina mama wa kanisa, akashona vifuko. Kila ua lililokuwa na kitoto cha duara chini yake alilifunga kabla halijafunguka, kwa kuwa siku ya kufunguka ndiyo watu hukodoa macho. Yale maua mengine, yenye miguu mirefu isiyobeba kitu, aliyachuma yote yakapikwa pamoja na majani, mboga ya susa.

"Maua ya kukaa tu," alisema. "Kama wanaume wa pale stendi."

Na kadiri alivyofunga, ndivyo yalivyoanguka.

Ng'ambo ya uzio wa minyaa aliishi Bochaberi, mke mwenzake, ambaye marehemu mume wao alimtoa Kisii. Bochaberi alikuwa amejua Kijaluo mpaka cha kulilia matanga. Lakini wakigombana, wawili hawa waligombana kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya ofisi ya chifu. Hakuna aliyezaliwa nayo, kwa hivyo hakuna aliyemzidi mwenzake.

"Nyar Mfangano," sauti ilivuka uzio asubuhi hiyo, ikimwita binti wa Mfangano kwa Kijaluo, na Kiswahili kikafuata, Rispa akajua ni vita. "Njoo umwone mtoto wako. Ametorokea kwangu."

Alizunguka akaenda, mkongojo ukichimba ardhi. Mkono mmoja wa mmea wake ulikuwa umepenya chini ya minyaa ukatambaa hadi nyuma ya choo cha Bochaberi, na hapo, juu ya majani makavu, lilikaa malenge la kijivu, kubwa kama sufuria ya matanga. Bochaberi alikuwa amelinyooshea kidole, kirefu, bila haya.

"Shusha mkono," Rispa alisema.

"Nishushe nini? Nimelinyooshea tangu likiwa kama yai. Nimewaonyesha akina mama wa kanisa. Nimemwonyesha hata mzee wetu aliyelala pale kaburini. Si hili hapa?" Akachungulia penye mwanya wa uzio. "Na wale waliofungwa vitambaa ni akina nani? Wanaumwa meno?"

"Nimewakinga na macho ya watu."

Bochaberi alicheka mpaka akashika ukuta wa choo. "Nyieka, mke mwenzangu, umemfungia bibi arusi mlango, na bwana arusi umempika na susa. Mtoto atoke wapi?"

Alichuma ua moja la mguu mrefu, akalichana, akasugua katikati yake kwenye kiganja cha Rispa. Ukabaki unga wa manjano.

"Huyu ndiye dume. Nyuki anaubeba unga huu anampelekea yule mwenye mpira chini, yule jike. Asipoupata, anaanguka. Si kwamba ameona haya. Hana bwana tu."

Rispa alikitazama kiganja chake. Alikuwa amezaa, akazalisha wake za watu boma zima, na kilichomkera zaidi ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa na maana. Kisha akayaona malenge ya Bochaberi yaliyotapakaa kila mahali, ya mistari ya kijani, yenye maji kama tikiti.

"Na hili la kwangu, unga wake ulitoka wapi?"

"Nyuki haulizi ukoo. Huenda ni kwangu. Mbegu zake zitakuwa nusu Mfangano, nusu Kisii. Hata watoto wangu ni nusu, na hujawakataa."

"Watoto hawapandwi kila mvua."

Lakini alijua maana yake. Hilo lilikuwa la kula, si la mbegu. Kwenye mmea wake, majani yakianza kukauka, lilikuwa limebaki tumba moja la jike, la kufunguka kesho. Na madume yote ya upande wake yalikuwa yameliwa. Mengine ya mmea ule ule yalikuwa hapa, yakichungulia kando ya lile malenge la kijivu.

Akauegemea mkongojo wake. "Kesho alfajiri nipe dume moja kabla nyuki hajaamka. La mmea wangu, si la yale maji yako."

"Nitakupa. Lipi?"

Rispa alionyesha kwa kidevu.

"Mimi ni mzee, kidevu sikioni."

Akakunja ngumi.

"Ngumi imeonyesha shamba lote. Nyar Mfangano, nyoosha kidole, ama nikupe la kwangu."

Rispa akauhamishia mkongojo mkono wa kushoto. Kisha kidole kikatoka polepole, kikapita juu ya malenge la kijivu na kutua kwenye tumba la dume lililokuwa pembeni yake. Bochaberi akaitikia kwa kichwa, wala hakucheka. Malenge halikuanguka.

Alfajiri Rispa, lile dume mkononi, alifungua kitambaa, akausugua unga ndani ya ua la jike, akafunga tena upesi, asije akaingia nyuki wa kwa Bochaberi. Siku zikapita. Kila asubuhi alitarajia manjano. Kitoto kikabaki kijani, kikang'aa, kikanenepa, ua lililonyauka likadondoka ndani ya kifuko chake, na kitambaa cha kanisa kikaanza kukaza.

Asubuhi moja Lynnet alisimama mbele ya mmea. "Mama, limeshika."

"Si niliwaambia vitambaa vinafanya kazi."

"Na lile jingine la ng'ambo ya uzio? Si lile pale—"

Rispa aliudaka mkono ule kabla haujanyooka.

"Ngumi," alisema.